Goti Bandia, Sehemu ya Pili: Baada ya Upasuaji

Makala iliyopita ilikomea chumba cha upasuaji. Leo tutoke humo. Huku mwambao wa Rumonge ni rahisi kuamini kwamba aliyewekewa goti bandia Bujumbura au Dar es Salaam akirudi kwao Minago amerudi mapema mno, maana mashine za mazoezi zimebaki hospitalini. Hofu hiyo haina mizizi. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa Sydney uliohusu wagonjwa 165 ambao upasuaji wao haukuleta matatizo. Baadhi walilazwa siku 10 zaidi kwa ajili ya mazoezi kabla ya kwenda nyumbani. Wenzao wakaenda nyumbani moja kwa moja na ratiba ya mazoezi. Wiki ya 26 walipopimwa mwendo wa dakika 6, hapakuonekana tofauti ya maana. Hata ile mashine inayomkunja mtu goti akiwa amelala imethibitika kusaidia kidogo mno. Kazi kubwa iko kwenye msuli wa mbele wa paja, ambao mwezi wa kwanza huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na hauna mtu wa kuufanyia mazoezi ila mgonjwa mwenyewe.

Atasema mtu kuwa Sydney si Minago. Ni kweli, tena wale wa nyumbani hawakuachwa peke yao, wataalamu waliwafuatilia. Basi mtaalamu wa tiba ya mazoezi, au mtu wa kine kama anavyoitwa Burundi, hana mbadala, ila si lazima aonwe kila siku. Na kwa kuwa barabara ya Bujumbura hukatika (maporomoko ya ardhi ya Gitaza ya 2015 yanakumbukwa), miadi ipangwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa, simu izibe pengo. Siku zisizo na miadi, mgonjwa anyooshe goti mpaka lilale kabisa, mto ukiwa chini ya kisigino, kamwe si chini ya goti, ingawa huko ndiko kunakostarehesha. Alikunje pia, alenge nyuzi 90 wiki chache za mwanzo, kwani kovu la ndani likishakaza ni taabu kulilegeza.

Pingamizi zito zaidi ni choo cha kuchuchumaa. Kuchuchumaa hudai zaidi ya nyuzi 130, na magoti bandia mengi hayafiki huko. Hapo seremala wa kijijini, kwa kiti cha mbao chenye tundu, anafaa kuliko wodi yoyote. Mlima nao si adui: kupanda utangulie mguu mzima, kushuka utangulie uliopasuliwa. Lakini kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikibana, au kidonda kikitoa usaha, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.