Kilomita Tatu za Mawe: Je, Kundi Letu Linaziweza?

Likizo inapokaribia, wanachama wetu wanaoishi Bertrams na mitaa ya jirani huanza kuulizana: tukichanga nauli, twende wapi? Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hamu ya kuona maji ya chumvi haituishi. Safari hii jina linalotajwa sana ni Tsitsikamma, hasa ile njia fupi ya kwenda kwenye maporomoko ya maji. Kabla hatujatoa hata randi moja, tuipime njia hiyo, kisha tujipime wenyewe.

Njia yenyewe

Inaanzia kambi ya Storms River Mouth, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ni kilomita 3 kwenda na 3 kurudi, na unarudi palepale ulipopita. Ni kipande cha kwanza cha Otter Trail, njia mashuhuri ya siku 5 iliyofunguliwa mwaka 1968. Asiye na kibali cha safari hiyo ndefu huishia kwenye maporomoko.

Mwanzo ni msitu wenye kivuli, na mtu anaweza kudhani ametishwa bure. Kisha msitu unakuachia mawe: makubwa, yaliyoinama, mengine yenye utelezi. Hapo hutembei tena, unaparamia kwa mikono na miguu, bahari ikinguruma pembeni. Kwa watu wenye nguvu, kwenda na kurudi huchukua kama saa tatu. Kwa kundi la watu mchanganyiko, muda huo hautoshi.

Bahari ni moja, tabia ni mbili

Wenzetu waliokulia Unguja, Tanga au Mombasa watasema bahari wanaijua. Ni kweli, na hii ni Bahari ya Hindi ileile. Lakini kwetu miamba ya matumbawe huvunja mawimbi mbali na ufuko. Tsitsikamma haina kinga hiyo. Mawimbi yanatoka kusini, kwenye bahari kuu, na kupiga mawe moja kwa moja. Unguja, maji ya bamvu hupanda na kushuka karibu mita 4. Huku ni karibu mita 2 tu. Kwa hiyo hatari ya huku si maji kujaa peke yake, bali wimbi moja kubwa linalokuja baada ya mengi madogo. Wenzetu wa Bukavu na Goma, waliozoea ziwa Kivu, waambiwe hivyo mapema.

Hata hivyo elimu ya wazee wetu inasaidia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ni ya bamvu. Katikati yake ni maji mafu. Tukichagua siku za maji mafu na saa ya maji kupwa, tunajiongezea usalama. Mvua nayo huko haina msimu; inaweza kunyesha mwezi wowote, na jiwe lililolowa halina urafiki.

Maswali manne

La kwanza: nani wa mwisho kwa mwendo? Kundi hutembea kwa kasi ya huyo. Akienda kilomita moja kwa saa, safari ni saa sita. Mwezi Juni jua huko hutua kabla ya saa kumi na mbili jioni. Piga hesabu ya kuondoka kutoka hapo.

La pili: nani ana goti bovu, pumu, kizunguzungu cha mahali pa juu, au mtoto mgongoni? Swali hili lisiulizwe mkutanoni. Mbele za watu kila mtu ni simba. Kiongozi amwendee kila mmoja faraghani, na jibu libaki hapo.

La tatu: viatu vipo? Raba zilizolika soli hazifai, na kandambili zibaki kambini.

La nne, na ndilo zito: asiyeweza kuendelea tutamfanya nini? Ikiwa jibu ni "atatusubiri hapo kwenye mawe", kundi hilo halijawa tayari. Anayerudi asirudi peke yake. Njiani kuna pango liitwalo Guano. Tukifika hapo tusimame, kila mmoja aulizwe, na atakayesema basi arudi na wenziwe bila kutaniwa.

Jaribio la bei nafuu

Hatuhitaji kusafiri ili kujua. Jumapili moja twende Melville Koppies, tupande na kushuka kwenye mawe kwa saa tatu, kila mtu na maji yake na viatu atakavyovaa safarini. Atakayemaliza akiwa anacheka, yumo. Atakayemaliza kwa shida amejipatia jibu bila kuliwa nauli.

Na wasioweza?

Hawakosi kitu. Kutoka kambi hiyohiyo kuna njia ya mbao na ngazi, kama kilomita moja, inayofika kwenye daraja linaloning'inia juu ya mdomo wa mto, urefu wake mita 77. Maji ya mto hapo ni meusi, na chini ya daraja unayaona yakiingia baharini.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili: tuwe na makundi mawili, kila moja na kiongozi wake, na chakula cha mchana tule pamoja kambini. Ikiwa wanaotaka mawe hawafiki wanne, twende sote darajani. Mtu mmoja akivunjika mguu, wawili hukaa naye na mmoja hukimbilia msaada. Chini ya wanne hesabu haitimii. Wazee walisema mwenda pole hajikwai. Kwenye mawe yale, hata mwenda pole anahitaji mkono wa mwenzake.