Dawa za Usingizi: Usiziache Ghafla

Huenda nyumbani kwenu yupo mtu aliyeandikiwa vidonge vya dayazepamu (Valium) ili apunguziwe wasiwasi au apate usingizi. Je, vidonge hivi hufanyaje kazi?

Ubongo wenyewe hutengeneza kemikali ya kutuliza iitwayo GABA. Kemikali hiyo hushika kwenye vipokezi vya chembe za neva, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli. Mlango mdogo hufunguka, kloridi huingia, na neva hutulia. Dayazepamu haiufungui mlango huo yenyewe. Hushika pembeni tu na kuisaidia GABA kuufungua mara nyingi zaidi. Pasipo GABA, dawa hii haitulizi.

Mtu akiimeza kila siku kwa majuma mengi, vipokezi huizoea na usikivu wake hupungua. Kidonge kilekile hakileti tena usingizi uleule. Akiacha ghafla, GABA aliyo nayo haitoshi kuvituliza vipokezi vilivyozoea msaada. Hukosa usingizi, hutetemeka, na hata anaweza kuanguka kifafa. Pombe nayo huongeza nguvu ya GABA. Ikikutana na vidonge hivi, mtu anaweza kushindwa kupumua.

Kwa hiyo:

1. Usiongeze vidonge bila kumwuliza daktari.
2. Usiache ghafla. Daktari atakupunguzia kidogo kidogo, kwa majuma au miezi.
3. Usinywe pombe unapotumia dawa hii.
4. Usimgawie jirani dawa yako, hata akikusihi.