Fahamu: Kifaa cha Bluetooth kinavyolitafuta begi lako

AirTag, kifaa kidogo ambacho Apple ilikitoa Aprili 2021, hakina GPS wala laini ya simu. Kinarusha ishara ya Bluetooth. iPhone ya mpita njia yeyote huinasa na kutuma mahali ilipo kwa intaneti, nawe ukaona kwenye ramani. Mpita njia mwenyewe hana habari.

Hapo ndipo mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi afikiri mara mbili, maana mitaani kwetu simu nyingi ni Android. Begi likikwama uwanja wa ndege wa Dubai litaonekana upesi. Likishushwa kituo cha basi kijijini, huenda likakaa kimya kutwa. Mwenye Android atafute kifaa kinachotumia mtandao wa Google, uliozinduliwa 2024. AirTag haiungani na simu yake kabisa.

Betri ni ile ya duara, CR2032, na hudumu takriban mwaka.

Kuna wanaokificha kwenye mkoba wa mtu ili wamfuatilie. Tangu Mei 2024, iPhone na Android zilizosasishwa humwonya mhusika, hata kifaa kikiwa cha kampuni nyingine. Ukionywa, kiamuru kilie, ukitafute, kisha utoe betri.