Kabla ya Kuchagua Kozi, Mtafute Mwalimu

Vyuo vikuu vyetu vina ada njema ya kutenga siku moja au mbili na kuwafungulia watu milango. Mahema husimamishwa uwanjani, kila idara huweka meza yake, na wazee kwa vijana huja kuuliza. Aghalabu wanaokwenda ni wazazi wa watoto waliomaliza sekondari. Leo, ndugu msomaji, nazungumza na yule mwingine: aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, ana kazi, pengine ana watoto, na sasa anawaza shahada ya uzamili. Huyu akienda na maswali ya mtoto wa sekondari atarudi na mkoba wa karatasi za rangi na kalamu ya bure.

Shahada ya kwanza husomwa kwa jamaa: walimu wengi, wanafunzi wengi, ratiba moja. Uzamili huanza darasani vivyo hivyo, na wengi huvuka hapo salama. Penye mwamba ni kwenye tasnifu, pale mwanafunzi anapobaki na swali lake na msimamizi wake. Wapo miongoni mwetu wanaolipa karo mwaka baada ya mwaka, darasa wamelimaliza zamani, na joho hawajalivaa.

Wazee wetu walilijua hili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipotoka Mombasa kwenda kusoma Unguja hakufuata jengo. Aliwafuata wanazuoni, akina Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Na ijaza, hadi leo, humtaja mwalimu, na mwalimu wa mwalimu. Sioni kwa nini kipimo hicho tukiache langoni mwa chuo kikuu.

Hivi karibuni nilimsindikiza binti wa marehemu ndugu yangu kwenye siku kama hiyo. Yeye ni mwalimu wa baiolojia huko Kwale. Mamake ameuza kipande cha shamba la minazi ili karo ipatikane pasi na mkopo wa riba, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha.

Foleni ndefu ilikuwa kwenye hema la usimamizi wa biashara, na binti akaelekea huko. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Ami, walimu wenzangu wote wanasoma hiyo." Tulipofika mezani nilimuuliza kijana aliyetupokea: katika walioandikishwa miaka mitatu iliyopita, wangapi wamehitimu? Alitabasamu kwa adabu, akaniongezea karatasi.

Mwisho wa uwanja palikuwa na meza ya sayansi ya bahari, na mwalimu mmoja mwanamke wa makamo. Hakutupa karatasi yoyote. Alimuuliza binti, "Ni swali gani linalokukosesha usingizi?" Binti akanyamaza kidogo, kisha akaeleza habari za akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani: bahari ikizidi joto, mwani hugeuka mweupe, ukakatika, na kazi ya wiki nyingi ikachukuliwa na maji. Walizungumza karibu saa nzima. Mimi nilitafutiwa kiti. Mwishowe mwalimu yule akasema, "Ninaowasimamia mwaka huu wamenitosha. Nikikuchukua nitakudhulumu." Akampa jina la mwenzake, na akamtaka aandike kurasa mbili kuhusu swali lake.

Maneno hayo yalinipendeza kuliko mabango yote. Basi uendapo, muulize mtu mwenyewe atakayekusimamia: ana wanafunzi wangapi mkononi, na husoma kazi zao kwa muda gani? Uliza pia kama kozi ina tasnifu kamili au mradi mfupi. Anayetaka kupanda cheo huenda mradi ukamtosha, lakini anayenuia kuendelea hadi uzamifu ajue mapema ni ipi itakayomfungulia njia. Kozi yenyewe ihakikishe kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012. Kuwa chuo kina hati ya serikali si kusema kila kozi yake imeidhinishwa.

Na karo? Ile iliyochapishwa si yote. Kuna kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna nauli, maabara na kujalidi tasnifu. Swali ambalo watu huona haya kuliuliza ndilo la maana: miaka miwili ikipita nami sijamaliza, nitalipa nini kila muhula? Jibu litake kwa maandishi.

Nyumbani hatukupokewa kwa furaha. "Shamba limekwishauzwa," alisema shemeji yangu, "nanyi mwarudi na kurasa mbili za kuandika?" Nilimwambia fedha hazitaoza. Mume wa binti, ambaye hakuwa amesema neno, akasema watoto atabaki nao yeye siku za Jumamosi.

Ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa. Wa pili unangojea maji ya bamvua, ili ateremke na akina mama hadi kwenye kamba za mwani ajionee mwenyewe.