Simba wa Tsavo na Dungu la Mkulima

Mkulima wa Mzenga au Vikumburu, wilayani Kisarawe, hana haja ya kuelezwa dungu ni kitu gani. Ni ulingo wa miti uliosimamishwa juu ya nguzo kando ya shamba, mahindi yanapoanza kubeba, na huko juu mtu hukesha na debe lake akisubiri nguruwe. Wenzake wa Magindu na Kwala, upande wa Kibaha, nao wanaijua baridi ya alfajiri hiyo.

Tumeanza na dungu kwa sababu maalumu. Katika sinema iitwayo The Ghost and the Darkness, iliyotolewa mwaka 1996, moja ya nyakati zinazomfanya mtazamaji azuie pumzi linatukia juu ya dungu. Mhandisi wa Kizungu ameketi peke yake usiku, bunduki mapajani, miti ikilia chini yake kila anapojigeuza. Ghafla bundi anamvamia. Anaporomoka mpaka chini, na simba yu karibu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1898 Waingereza walikuwa wakiipeleka reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na John Henry Patterson akatumwa kusimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo. Simba dume wawili, wasio na manyoya ya shingoni, wakazoea kuingia kambini usiku, wakipenya boma za miiba na kuwakokota watu kutoka mahemani. Desemba mwaka ule vibarua wengi waliikimbia Tsavo, na kazi ikasimama kiasi cha majuma matatu. Patterson alimwua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29. Yule wa kwanza alimpiga kutoka juu ya ulingo wa miti, na bundi naye alikuwapo kwelikweli: alimgonga kichwani, lakini Patterson hakuanguka. Kuanguka ni nyongeza ya watu wa sinema.

Mwongozaji wa sinema hiyo ni Stephen Hopkins, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1958 na kukulia Uingereza na Australia. Atazamaye kazi zake nyingine atauona uzi mmoja. Katika Predator 2 ya mwaka 1990, kiumbe asiyeonekana anawawinda watu mjini Los Angeles. Katika Judgment Night ya mwaka 1993, vijana waliopotea njia wanasakwa usiku kucha na wauaji. Na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa walioanzisha sura ya mfululizo wa televisheni uitwao 24, ambamo adui mkubwa ni saa. Huyu ni fundi wa hofu ya kusubiri. Anajua kwamba mnyama asiyeonekana hutisha kuliko aliyeonekana, na kwa hiyo huko Tsavo anatuonyesha nyasi. Nyasi ndefu za manjano, upepo umetulia, kisha mahali pamoja tu zinatikisika. Mpiga picha wake, Vilmos Zsigmond, ndiye aliyepiga picha za Deliverance ya mwaka 1972, ile ya watu wanne wa mjini wanaoteseka mtoni, na mkono wake unatambulikana.

Sifa hizo tunazitoa kwa moyo mweupe. Hatununi sana hata kwa sababu sinema ilipigwa Afrika Kusini badala ya Kenya, wala kwa sababu simba wake wana manyoya tele ya shingoni ilhali wale wa kweli hawakuwa nayo. Sinema ni sinema. Tena imempa John Kani, mwigizaji mahiri wa Afrika Kusini, kazi ya Samuel, Mwafrika anayetusimulia hadithi yote tangu mwanzo.

Linalotukera ni jingine. Samuel anasimulia, lakini hadithi si yake. Mashaka yote, ndoto zote mbaya, mke anayengojewa, vyote ni vya Patterson. Na pale Patterson asipotosha, analetwa mwindaji Mmarekani, Remington, ambaye hakupata kuwapo duniani. Wanaoliwa wanapita mbele yetu kama nambari. Na hili halikuanzia kwa Hopkins. Patterson mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1907, aliwahesabu vibarua wa Kihindi 28 waliouawa, kisha akaongeza kwamba Waafrika walioliwa walikuwa wengi lakini hawakuandikwa popote. Baadaye alitaja jumla ya watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba wale, na kutoa matokeo yao mwaka 2009, walikadiria watu kama 35. Simba wenyewe wanajulikana walipo: Jumba la Makumbusho la Field mjini Chicago liliwanunua mwaka 1924 kwa dola 5,000, na wamesimama humo ndani ya kioo hadi leo.

Sasa tugeuke kwetu. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, katika wilaya ya Rufiji, mkoa huu huu wa Pwani, simba mmoja alihesabiwa kuwa ameua watu wapatao 35. Wananchi walimpa jina la Osama. Alipouawa alionekana kuwa na jipu chini ya jino la gego, jambo ambalo wachunguzi wamelikuta pia katika taya la mmoja wa simba wa Tsavo. Naye hakuwa peke yake nchini: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308.

Na walikuwa wakifanya nini watu hao? Wengi walikuwa shambani wakati wa mavuno. Wataalamu walieleza mnyororo wake: swala na pundamilia wanapokwisha, nguruwe hubaki, nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na katikati ya shamba yupo mkulima amelala kwenye kibanda au dunguni, kwa kuwa asipolala huko watoto hawatakuwa na chakula. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2011, uligundua kwamba hatari huzidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo wa usiku, mwezi unapokuwa bado haujachomoza. Hilo, ndugu msomaji, ni jambo ambalo Hopkins angelitamani sana! Mbalamwezi imekwisha, giza linatangulia kila siku kwa muda mrefu zaidi, na mtu aliye juu ya ulingo anajua kwamba saa yake mbaya ndiyo kwanza inaingia.

Patterson alipanda ulingo usiku ule akiwa na bunduki, nao ukaandikiwa kitabu na kutengenezewa sinema, tena si mara moja, kwani hata Bwana Devil ya mwaka 1952, iliyowavaa watazamaji miwani ya pekee ili simba awarukie, ilitokana na mkasa huo huo. Mkulima wa Rufiji alipanda na debe, msimu baada ya msimu, na hatujapata kumwona kwenye pazia la sinema.

Vijana wetu wanaojifunza kazi hii wapo, na chuo cha sanaa kiko Bagamoyo, mkoani humu humu. Tunawaomba wamwachie Patterson daraja lake. Wanachohitaji ni ulingo mmoja, shamba la mahindi, mama aliyebaki nyumbani na watoto akisikiliza debe la mumewe likilia kutoka mbali, na usiku wa nne baada ya mwezi mpevu. Debe linalia. Linalia tena. Kisha linanyamaza, na mama hajui kama mumewe amesinzia.