Si Mada Mpya Inayombakiza Mtoto Shuleni

Kila tatizo la vijana linapoibuka, dawa ya kwanza tunayoikimbilia ni kuongeza mada darasani. Mimba zikizidi, tunaongeza mada ya afya ya uzazi. Utoro ukizidi, tunaongeza stadi za maisha. Kumbe kwa zaidi ya miaka 20 watafiti wamekuwa wakilipima wazo hilo katika shule za ukanda wetu wa Maziwa Makuu, na majibu waliyoyapata yanamgusa moja kwa moja mzazi wa kata ya Buswahili, wilayani Butiama.

Kijana wa huku ana mengi yanayomvuta nje ya geti la shule. Wa Musoma anaitwa na mitumbwi ya dagaa, wa Buhemba anaitwa na mashimo ya dhahabu, mwingine ana ng'ombe wa kuchunga. Msichana ana hatari ya ziada: ukeketaji, ambao mara nyingi hupangwa likizo ya Desemba, na ndoa inayofuata nyuma yake. Mtaala wa kumsaidia mtoto wa namna hii uweje?

Jaribio la kwanza lilifanyika jirani, mkoani Mwanza. Mwaka 1998, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya NIMR na shirika la afya la AMREF, pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine, walianzisha mradi wa afya ya uzazi uitwao MEMA kwa Vijana. Walichukua jamii 20 za vijijini. Kwa kura, 10 zikapata mradi na 10 zikabaki za kulinganishia. Kura hiyo ndiyo roho ya utafiti wa namna hii: bila kura, huwezi kujua kama mabadiliko yameletwa na mradi au shule ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa kwa hadithi, michezo ya kuigiza na wanafunzi wenzao. Wahudumu wa zahanati nao walifunzwa kuwapokea vijana vizuri. Walipopimwa baada ya miaka mitatu, maarifa yalikuwa yamepanda. Mwaka 2007 na 2008 walipimwa tena, na bado wengi walikumbuka walichofundishwa. Lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kuliko katika jamii ambazo hazikupata mradi.

Matokeo hayo hayamaanishi kwamba somo lilikuwa bure. Yanamaanisha kwamba msichana anaweza kujibu maswali yote kwa usahihi, kisha akatoka darasani akakutana na mtu mzima mwenye hela ya daftari na taulo za kike. Somo limempa jibu, ila halikumpa njia ya kupita.

Kuna sababu nyingine ya somo kutotosha, iliyo ndani ya kichwa cha mtoto mwenyewe. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni za kumtayarisha kupigana au kukimbia, ikiwamo kotisoli. Wakati huo, kumbukumbu ya kazi, ile inayoshika namba ya kwanza huku ukitafuta ya pili, hubanwa. Ni kama meza ndogo ya muuza dagaa sokoni: hofu ikishatandazwa juu yake, hakuna pa kuweka kingine. Mtoto aliyelala bila kujua kama baba atamtoa kwa ng'ombe, akafika akapokewa na fimbo ya mwalimu wa zamu kwa kuchelewa, yuko darasani kwa mwili tu.

Kwa hiyo watafiti wakaacha kuuliza shule inafundisha nini, wakauliza inaendeshwaje. Huko Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingizwa kwenye kura. Nusu zilitumia programu iitwayo Good School Toolkit, iliyotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala, kwa miezi 18. Humo hapakuwa na somo jipya la kufanyia mtihani. Kila shule iliteua walimu na wanafunzi wa kuongoza mabadiliko. Wanafunzi walishiriki kutunga kanuni za darasa, wakawa na sanduku la maoni na mahakama yao ya kusikiliza makosa madogo. Walimu walijifunza kutoa onyo na adhabu isiyo ya mwili, pia kusifu mtoto anapofanya vizuri. Wazazi nao waliitwa.

Mwaka 2014 watoto waliulizwa kuhusu wiki moja iliyopita. Katika shule zisizo na programu, karibu 49 kati ya 100 walisema wamepigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule. Katika shule zenye programu walikuwa 31. Bado ni wengi, lakini upungufu huo ni mkubwa, na watoto walisema wanajisikia salama zaidi. Alama za mitihani hazikupanda katika muda huo, na watafiti waliandika hivyo bila kuficha. Tena watoto zaidi ya 400 walieleza mateso mazito kiasi cha kupelekwa kwa wahudumu wa ulinzi wa mtoto. Anayewafungulia watoto mdomo ajiandae kusikia.

Kisha likaja jaribio la Nyarugusu, kambi ya wakimbizi wilayani Kasulu. Mwaka 2019, katika shule 27, walimu wa baadhi ya shule walikutana kwa wiki kumi kujifunza kutuliza hasira na kuongoza darasa bila fimbo. Viboko havikupungua. Majaribio mengine nchini, yenye mafunzo ya walimu ya siku chache tu, yaliwahi kuonyesha nafuu, kwa hiyo semina si kitu cha kudharau. Lakini ukiweka Luwero na Nyarugusu pamoja unaona tofauti: Nyarugusu mwalimu alibebeshwa mzigo peke yake katikati ya madarasa yaliyofurika, Luwero shule nzima ilibadilika, na mtoto akapewa nafasi ya kusema.

Kipande kingine kinatoka kwa CAMFED, shirika la elimu ya wasichana linalofanya kazi Tanzania tangu 2005. Wasichana waliomaliza kidato cha nne hurudi kujitolea katika shule za kwao, wakiongoza vipindi vya kujitambua na kuweka malengo. Asiyefika shuleni, hufuatwa nyumbani. Watafiti wa Cambridge walilinganisha shule hizo na nyingine, wakakuta wasichana wanyonge waliongeza alama za Hisabati na Kiingereza. Utafiti huo haukuwa wa kura, lakini unaelekea upande uleule: mtoto hushikwa na mtu anayejua asubuhi hiyo kwamba hayupo.

Sheria nazo zimefungua njia. Tangu Novemba 2021, msichana aliyekatiza masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya kawaida. Kanuni za viboko za 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hapa Butiama na kule Mugumu kuna nyumba salama za Hope for Girls and Women Tanzania, zinazopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Kinachobaki ni kuviunganisha: shule ijue simu ya nyumba salama na ya dawati la jinsia polisi kabla Desemba haijafika, na mwalimu wa unasihi awe na muda kwenye ratiba, si jina kwenye orodha tu.

Kwa hiyo, mzazi, kwenye mkutano ujao wa shule usiulize tu kuhusu mada na michango. Uliza maswali mawili. Mtoto akikosa siku tatu, nani anakwenda kwao? Na mtoto akikosewa na mwalimu, anamwambia nani? Kama hakuna anayeweza kukutajia jina la mtu, shule hiyo bado haina mtaala wa kumsaidia mtoto aliye katika mazingira magumu, hata kabati la vitabu liwe limejaa. Mkiwa bado mkutanoni, mteueni mtu huyo.