Matangi Matupu Chini ya Gitega

Uhaba wa mafuta ulioiandama Burundi tangu 2021 umezoeleka kupimwa juu ya ardhi: urefu wa foleni, nauli ya basi, bei ya bidoni moja ya esansi ya magendo. Chini ya sakafu za vituo vya mafuta, huko Gitega karibu na mitaa kama Musinzira na huko Muyinga kwenye njia ya malori yanayovuka mpaka wa Kobero, uhaba huohuo unafanya kazi ambayo haijapigiwa hesabu. Matangi ya chuma yaliyozikwa ili yahifadhi mafuta hukaa karibu matupu kwa siku nyingi, wakati mwingine kwa wiki. Tangi la namna hiyo huharibika kwa hatua zinazojulikana, na kila hatua huificha inayofuata.

Tuanze na nje ya tangi. Kutu ni kazi ya umeme. Udongo wenye unyevu hupitisha mkondo mdogo kati ya sehemu mbili za chuma zilizo katika hali tofauti, na sehemu moja hulika. Gitega iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wa nyanda za juu za Burundi una tindikali. Pengi pH yake iko chini ya 5. Shimo likichimbwa katika udongo mzito kisha likajazwa mchanga kulizunguka tangi, huwa bakuli: maji huingia upesi na hutoka polepole. Kupaka lami pekee hakutoshi. Penye mkwaruzo mmoja mkondo wote hukusanyika hapohapo, na tundu hutoboka mapema kuliko ukuta mzima ungechakaa.

Ndani ya tangi, hewa ndiyo tatizo. Mafuta yakishuka, hewa yenye unyevu huvutwa kupitia bomba la kupumulia. Baridi ya usiku hugeuza unyevu huo kuwa matone ukutani. Matone hutiririka chini na kutuama, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta. Kwenye mpaka wa maji na dizeli huishi vijidudu vinavyotoa tindikali. Mwaka 2016 Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa matangi 42 ya dizeli: asilimia 83 yalikuwa na kutu ya wastani au kali ndani. Wenye matangi waliokuwa wakilijua hilo kabla ya ukaguzi hawakufika robo. Uchunguzi huo haukuthibitisha chanzo kimoja, lakini maji yaliyotuama yamo katika kila maelezo yanayotolewa.

Utupu una athari nyingine, ya uzito. Tangi la lita 20,000 likizungukwa kabisa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya tani 20 hivi, ilhali chuma chake huwa na uzito wa tani chache tu. Likijaa mafuta, hutulia. Likiwa tupu wakati wa masika, na bila kufungwa kwenye msingi wa zege, huweza kunyanyuka kidogo. Sentimita chache zinatosha kulegeza viungo vya mabomba, na viungo ni sehemu dhaifu ya mfumo wote.

Sasa tazama namna uvujaji unavyogunduliwa. Kituo cha kawaida hutegemea kijiti cha kupimia na daftari: mafuta yaliyopokelewa, yaliyouzwa, yaliyobaki. Njia hii hufaa pale vipimo vinapofuatana kila siku kwa wiki nyingi, hadi upungufu mdogo uonekane ukijirudia. Lori linapofika mara moja kwa muda mrefu na shehena ikaisha kwa saa chache, mfuatano huo haupo. Isitoshe, penye soko la magendo kila lita iliyopotea ina maelezo tayari: imeibwa. Mlinzi huhojiwa, tangi halihojiwi. Tone moja kwa sekunde hufikia takriban lita 1,500 kwa mwaka, kiasi kinachoweza kumezwa na makosa ya kijiti, mvuke na shaka hiyo ya wizi.

Madhara huishia majini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za benzini kwa lita ya maji ya kunywa. Petroli yenye asilimia 1 ya benzini hubeba gramu 7 hivi kwa lita; lita moja ikiyeyusha benzini yake yote, inatosha kufikisha maji lita 700,000 kwenye kikomo hicho. Katika nchi ambayo familia nyingi huteka maji kwenye chemchemi za chini ya vilima, kinachomwagika juu hutafuta njia ya kushuka. Huko Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, mafuta ya bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi 1978, yaligunduliwa mtoni 2015. Wakazi walipoteza visima na mashamba, na kesi zake zilichukua miaka.

Tiba inajulikana. Marekani ilitoa kanuni 1988 na kuwapa wenye matangi hadi Desemba 1998 wayaboreshe au wayafunge. Njia mojawapo ni kinga ya kathodi, inayoelekeza mkondo wa umeme ili chuma cha tangi kisilike, nayo ni ya aina mbili. Ile ya kusukuma mkondo hutaka umeme usiokatika, sharti gumu kwa Burundi. Ile ya vipande vya magnesi au zinki, vinavyolika badala ya tangi, haihitaji umeme, bali kipimo kila baada ya miaka michache. Tangi la kuta mbili ni bora zaidi, lakini hununuliwa kwa fedha za kigeni, na ukosefu wa fedha hizo ndio uliolikausha tangi la zamani.

Kwa hiyo ratiba ni muhimu kuliko teknolojia. Kutu yenyewe huweza kuziba tundu ililolitoboa mradi shinikizo ni dogo. Uhaba ukiisha na matangi yakajazwa hadi juu, uzito wa mafuta utaangukia vizibo hivyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kuondoa maji, kukagua ukuta kwa ndani na kupima mabomba hufanyika kwa urahisi zaidi tangi likiwa tupu. Kazi hiyo isipofanywa sasa, itakayolipima kila tangi ni shehena ya kwanza kubwa, na hitilafu itajulikana mafuta yakiwa tayari yamo udongoni.